Polisi wa Jiji: Kutoandikwa Kaunta Si Upendeleo

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyasoma redioni wiki iliyopita. Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, nayarudia hapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini au kazini wakati wa kipindi, na kwa wale walioniomba wayapate kwenye karatasi ili wayakate na kuyaweka.

Yalianza na swali. Msikilizaji mmoja wa Mbagala aliniletea ujumbe akisema: "Mtangazaji, kila siku mnatutajia OCS, OCD, RPC na Kanda Maalum. Hivi mkubwa ni nani? Na mtu akionewa pale kaunta ya polisi, aende kwa nani?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana mimi mwenyewe nimekuwa nikiyatamka majina hayo kwenye taarifa ya habari kwa miaka mingi, na diploma yangu ya uandishi wa habari imetundikwa ukutani, lakini hadi usiku mmoja wa Jumamosi sikuwa najua vizuri mlango upi ni wa nani. Nitakusimulia usiku huo kwanza, kisha tutalijibu swali.

Ilikuwa yapata saa nne usiku. Dada yangu, anayekaa Tabata, alinipigia simu analia.

"Kaka, mtoto kachukuliwa."

"Kachukuliwa na nani?"

"Polisi. Alitoka kununua chipsi, kukapita msako, wakampakia kwenye difenda pamoja na wenzake. Sijui wamempeleka kituo gani."

Mpwa wangu huyo alikuwa na miaka 19. Tulizunguka vituo viwili bila mafanikio. Cha tatu, ambacho sitakitaja jina, askari wa kaunta alipekua daftari lake mbele yetu, akasema kwa upole kabisa, "Hayupo hapa, mzee wangu. Jaribuni kwingine." Tulipogeuka kuondoka tukasikia sauti kutoka nyuma ya mlango wa chuma: "Mjomba! Niko huku!"

Yule askari wala hakushtuka. Alisema, "Aa, hao bado hatujawaandika."

Nje, karibu na pikipiki zilizokamatwa, alitufuata mtu aliyevaa kiraia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Toa elfu hamsini ya fomu, kijana aondoke sasa hivi kabla hajaandikwa. Akishaandikwa mambo yatakuwa marefu." Dada yangu alinishika mkono akasema, "Lipa, kaka, lipa tu." Nami, ndugu msomaji, nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Sikulipa, lakini si kwa ushujaa wangu. Wakati huohuo zamu ilikuwa inabadilishwa. Akaingia sajini mmoja wa kike, mtu mzima, akauliza waliomo ndani ni wangapi na walioandikwa ni wangapi. Hesabu hazikulingana. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alivuta daftari, akawatoa vijana mmoja mmoja, akaandika jina, umri, saa ya kuingia, sababu ya kukamatwa na jina la askari aliyemkamata. Wa mpwa wangu aliandikiwa uzururaji. Yule bwana aliyevaa kiraia sikumwona tena.

Asubuhi tulileta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, nikasaini kama mdhamini, kijana akatoka. Hatukutozwa hata senti moja, na mashtaka hayakufunguliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza juu ya lile neno, "kabla hajaandikwa." Sisi wananchi tunalichukua kama upendeleo. Tunadhani mtu asiyeandikwa amesalimika. Leo nataka nieleze jinsi polisi wa jiji letu walivyopangwa, ili uone mwenyewe kwa nini mtu asiyeandikwa ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Dar es Salaam haina polisi wake. Katika miji mingine duniani, kwa mfano New York kule Marekani, polisi ni wa jiji, na kamishna wao huteuliwa na meya. Kwetu sivyo. Tanzania ina Jeshi la Polisi moja tu, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mkuu wake ni Inspekta Jenerali wa Polisi, yaani IGP, ambaye huteuliwa na Rais. Meya hana askari polisi hata mmoja wa kumwamuru. Mkuu wa Mkoa ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, lakini ngazi ya amri ya polisi inakwenda kwa makamanda wao hadi kwa IGP.

Wale mgambo wa jiji unaowaona wakikimbizana na wamachinga si polisi. Kazi yao ni sheria ndogondogo za halmashauri. Vivyo hivyo sungusungu na vijana wa ulinzi shirikishi wa mtaani kwako. Mtu yeyote asiye polisi anaweza kumkamata mhalifu katika mazingira fulani yanayotajwa na sheria, lakini sheria hiyohiyo inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumfungia stoo, wala kumpiga, wala kumtoza faini ya mfukoni.

Jeshi hili lina historia ndefu. Liliundwa na Waingereza mwaka 1919, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Mwaka 1930 yakahamia Dar es Salaam, na katika miaka ya karibuni yakahamia Dodoma. Lilipoundwa halikukusudiwa kumhudumia babu yangu wala babu yako. Lilikusudiwa kulinda utawala wa kikoloni, kodi zake na mali zake. Baada ya uhuru amri ilipita mikononi mwa wananchi, na Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Lakini taasisi ni kama nyumba ya kurithi. Unaweza kubadilisha pazia siku moja, ila kuta huchukua muda mrefu.

Sasa tuje jijini. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu wapatao 273,000 katika mji wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Ni karibu mara 20. Kwa ukubwa huo, polisi hawakuweza kuliendesha jiji hili kama mkoa wa kawaida, ndiyo maana likafanywa Kanda Maalum ya Kipolisi yenye kamanda wake. Huyo ndiye unayemsikia akizungumza na waandishi wa habari panapotokea tukio kubwa.

Chini ya Kanda Maalum kuna mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kiutawala Dar es Salaam ina wilaya tano, ukiongeza Ubungo na Kigamboni. Kwa mfano, mtu wa Mbezi Luis yuko Wilaya ya Ubungo, lakini kipolisi kamanda wake wa mkoa ni wa Kinondoni. Mtu wa Kigamboni kamanda wake ni wa Temeke. Kila mkoa wa kipolisi una Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ndiye RPC.

Mkoa wa kipolisi umegawanywa katika wilaya za kipolisi. Mkuu wa polisi wa wilaya ndiye OCD. Ndani ya wilaya kuna vituo, na mkuu wa kituo ndiye OCS. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbagala, jibu lako la kwanza ni hili: OCD ni mkubwa kwa OCS, RPC ni mkubwa kwa OCD, na Kamanda wa Kanda ni mkubwa kwa RPC. Chini kabisa, karibu na mlango wako, miaka ya hivi karibuni wamepangwa wakaguzi wa polisi katika kata, ambao kazi yao ni kukaa na wananchi na kuzuia uhalifu kabla haujatokea. Kama hujui mkaguzi wa kata yako anaitwa nani, ulizia ofisi ya mtendaji wa kata.

Sambamba na ngazi hiyo ya sare kuna ngazi nyingine ya upelelezi. Katika wilaya kuna mkuu wa upelelezi anayeitwa OC-CID, mkoani kuna RCO, na kwenye kanda kuna ZCO. Kote nchini wako chini ya Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, yaani DCI. Hao ndio wenye majalada. Kuna pia vikosi vyenye kazi maalumu: Usalama Barabarani, Kikosi cha Kutuliza Ghasia ambacho wengi wetu tunakiita FFU, Wanamaji, kikosi cha mbwa na farasi, na polisi wa reli, bandari na viwanja vya ndege. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyefanyiwa ukatili husikilizwa faragha badala ya kusimulia mambo yake kaunta mbele ya watu.

Kazi zao zote zimeandikwa katika Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi. Nazo, kwa maneno ya mtaani, ni kulinda amani, kusimamia utii wa sheria, kuzuia na kugundua uhalifu, kuwakamata wahalifu na kulinda mali. Angalia vizuri orodha hiyo. Kuhukumu hakumo. Kuadhibu hakumo. Hata kupeleka mashtaka mahakamani, ambako zamani kulifanywa na askari waendesha mashtaka, kuliwekwa chini ya mawakili wa serikali baada ya Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008. Polisi anakamata na kupeleleza, Mkurugenzi wa Mashtaka anaamua kama kuna kesi, na hakimu anaamua kama kuna kosa. Ni mikono mitatu tofauti, na sababu yake ni kwamba mkono mmoja ukikosea, mwingine uweze kuona.

Lakini utaonaje kitu ambacho hakikuandikwa? Hapo ndipo linapoingia lile daftari la kaunta.

Tuseme umeibiwa luninga. Unakwenda kituoni, askari wa zamu anaandika taarifa yako katika daftari na kukupa namba. Hiyo ndiyo RB tunayoisema kila siku. Tangu dakika hiyo luninga yako si mazungumzo tena, ni taarifa ya serikali. Ikionekana kuna kosa la jinai, linafunguliwa jalada na kupewa mpelelezi. Mpelelezi anawajibika kwa mkuu wake wa upelelezi, na jalada likikamilika linakwenda kwa wakili wa serikali. Ukirudi baada ya mwezi ukamkuta askari mwingine kabisa, hana haja ya kukufahamu. Namba inamwambia. Bila namba, kila siku unaanza upya.

Kama umejeruhiwa, kituo ndicho kinachokupa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza. Fomu hiyo ndiyo itakayosema mahakamani yale ambayo kidonda kilichokwisha kupona hakiwezi kuyasema tena.

Kwa mtu aliyekamatwa, maandishi yana uzito zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka saa. Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4 tangu alipokamatwa, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu unaotajwa. Mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na kama hilo haliwezekani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane kuwa zito. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa kosa lake, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Nyumba ikipekuliwa na kitu kikachukuliwa, mwenye nyumba apewe stakabadhi, na mashahidi watie saini.

Sasa jiulize. Saa 4 zinahesabiwa tangu lini kwa mtu ambaye hakuandikwa? Saa 24 zake zinaanza lini? Haziwezi kuanza. Daftari ndiyo saa ya mahabusu, na saa isiyotiwa ufunguo haitembei.

Wako wanaofikiri taratibu hizi ni za kuwabeba wahalifu. Nawaomba wafikiri tena. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo mengi ya kukiri kosa kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda wa sheria. Imevitupa vielelezo kwa sababu haikuandikwa nani alivikamata, nani alivitunza na nani alivipeleka kwa mkemia. Mhalifu wa kweli anatoka huru, na aliyeibiwa anabaki kushangaa na kusema hakimu kahongwa. Pengine hakimu hakupewa kitu chochote, wala karatasi. Kwa hiyo askari mvivu wa kuandika anawaumiza wawili kwa pamoja, yule asiye na hatia na yule aliyekosewa.

Nitatoa mfano mmoja unaouma. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi walikamatwa na polisi hapa Dar es Salaam, na usiku huo wakauawa. Umma ulielezwa kwamba walikuwa majambazi waliouawa katika mapambano. Ndugu zao hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikaona kwamba hapakuwa na mapambano wala ujambazi. Maofisa na askari walishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja. Miaka kumi ilipita. Watu wanne walikuwa wamekamatwa wakiwa hai, mikononi mwa dola, na safari yao ya mwisho haikuwa kwenda kituoni ambako majina yao yangesomeka asubuhi.

Na tusiseme hayo ni ya zamani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, jiji hili lilishuhudia maandamano, risasi na amri ya kutotoka nje jioni. Watu walipoteza maisha. Katika siku zilizofuata, familia zilizunguka vituoni na hospitalini zikitafuta jamaa zao. Mtu anayezunguka hivyo hatafuti msaada mkubwa. Anatafuta jina kwenye orodha. Mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume yoyote duniani, ikikaa kuchunguza, kitu cha kwanza itakachouliza ni kile kilichoandikwa siku ile.

Lakini haki inataka nimseme na askari. Huyu naye ni mtoto wa mtu. Usiku wa Julai 12, 2015, majambazi walivamia Kituo cha Stakishari, wakaua na kupora silaha, na askari wanne walikuwa miongoni mwa waliokufa. Agosti 2016, askari wengine wanne waliuawa Mbande, Mbagala, wakati wa kubadilishana lindo katika benki. Wengi wa makonstebo wanaosimama juani pale Ubungo wanalala katika nyumba ambazo wewe usingekubali kupanga. Kituo kinaweza kuwa na gari moja, nalo halina mafuta. Ndiyo maana unasikia, "Bwana, tupatie mafuta twende eneo la tukio." Nayasema haya si kuhalalisha. Rushwa haiwi halali kwa sababu mpokeaji ana shida. Nayasema ili ujue kwamba ukienda kaunta unakutana na mtu aliyechoka, wala si serikali nzima, na mtu aliyechoka anahitaji utaratibu zaidi kuliko aliyepumzika.

Tena daftari linamlinda yeye vilevile. Askari aliyeandika saa ya kumpokea mahabusu na hali yake, kwamba alifika na jeraha la kichwa au alifika mzima, hawezi kesho kusingiziwa kwamba yeye ndiye aliyempiga. Yule sajini wa kike alipowaandika wale vijana hakuwa anatusaidia sisi peke yetu. Kama mmoja wao angezidiwa usiku ule, jina lake yeye lingekuwa safi.

Serikali yenyewe imekiri kwamba kuna kazi ya kufanya. Januari 2023 Rais aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, nayo iliongozwa na huyohuyo Jaji Mkuu mstaafu Othman. Ilipowasilisha ripoti yake Julai mwaka huo, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya, ili liwe chombo cha kutoa huduma. Mimi si mtaalamu wa kufumua majeshi. Lakini najua kufumua mkeka huanzia kwenye ukindo, pembeni, wala si katikati. Na ukindo wa polisi ni kaunta, mahali ambapo mwananchi na dola hukutana uso kwa uso.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Mbagala sehemu ya pili. Ukionewa, uende kwa nani?

Kwanza, kabla hujaondoka kaunta, omba namba ya RB na uiandike mwenyewe, pamoja na tarehe, saa na jina la askari. Sare ina jina kifuani. Kama ndugu yako yuko ndani, uliza kwa heshima, "Afande, ameandikwa saa ngapi, na kwa kosa gani?" Swali hilo si matusi, na askari anayejua kazi yake hatalikasirikia.

Pili, panda ngazi hatua moja moja. Askari wa zamu akikukatalia, muone OCS. OCS akishindwa, nenda kwa OCD, na kwa mambo ya jalada nenda kwa OC-CID. Kisha RPC au RCO. Usikimbilie kwa mjomba wako aliye makao makuu. Mjomba atapiga simu, jambo lako litamalizika kimyakimya, na kesho mwenzako asiye na mjomba atakutana na yaleyale.

Tatu, nje ya polisi pia kuna milango. Ukiombwa rushwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kwa kuvunjiwa haki kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaanzisha mwaka 2011 mamlaka huru ambayo kazi yake ni kuangalia utendaji wa polisi na kuchunguza vifo vinavyotokea mikononi mwao. Ni jambo la sisi kulitazama. Na kwa dharura ya polisi, piga 112.

Nne, na hili ndilo kubwa, dhamana ya polisi ni bure. Imebandikwa ukutani katika vituo vingi. Fomu haiuzwi, wino hauuzwi. Mdhamini huahidi kumleta mtuhumiwa, hanunui mtu. Ukilipa ili ndugu yako atoke kabla hajaandikwa, umenunua kitu gani? Umenunua usiku ambao haukuwahi kutokea. Kama amepigwa, hakupigwa. Kama ameibiwa simu, hakuibiwa. Na yule aliyepokea fedha yako amejifunza kwamba difenda iliyojaa vijana ni sawa na duka, hivyo Jumamosi ijayo atatoka tena kununua mali.

Dada yangu hakubaliani nami hadi leo. Tulipokuwa tunakula kwake juzi alinirudia, "Ungelipa tu, mtoto wangu asingelala kwenye sakafu ya simenti hadi asubuhi." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kijana alilala chini, na ni kweli kwamba mama hahesabu utawala bora mtoto wake anapotetemeka kwa baridi. Nilimwambia tu kwamba wakati ule hajaandikwa, sisi tulikuwa tumekwisha kuaga na kugeuka kuondoka. Kama kijana asingesikia sauti zetu, au kama angekuwa amezirai, tungekwenda kituo cha nne, na cha tano, na kila mahali tungeambiwa hayupo.

Alinyamaza. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa ile karatasi yenye namba ambayo sajini alituandikia usiku ule. Kumbe amekitunza miaka yote, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.